Hambaga Nyekundu, Hambaga Nyeusi, na Senti Moja ya Nyanya

Wengine wenu watashangaa kuona ukurasa huu, uliozoea habari za mishahara na mikataba, leo unaeleza chakula cha Wamarekani, tena chakula cha kununua haraka na kula ukiwa njiani. Tunaomba mtuvumilie. Chakula hiki kinapikwa na wafanyakazi waliopangwa kwa mstari kama wa kiwandani, na nyanya zake zinachumwa na vibarua wanaolipwa kwa kipimo, kama mchuma majani ya chai anavyolipwa kwa kilo. Kwa hiyo habari hii ni yenu.

Chakula chenyewe ni hambaga iitwayo Whopper. Ni ya kampuni ya Burger King, iliyoanzia Miami, katika jimbo la Florida, mwaka 1954, na ambayo mwaka 2016 ilifungua mkahawa hata Nairobi. Whopper ilitolewa mwaka 1957 na James McLamore, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, baada ya kuona mkahawa wa mshindani wake katika mji wa Gainesville ukijaza wateja kwa sababu ya kuuza hambaga kubwa kuliko za wengine. Bei yake ya kwanza ilikuwa senti 37 za dola. Ukiifungua utakuta skonzi yenye ufuta juu (jirani zetu wa Uganda wanauita simsim), nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye uzito wa robo ratili kabla ya kuchomwa, nyanya, saladi, kitunguu, achari ya tango, mayonezi na sosi ya nyanya. Nyama huchomwa juu ya moto wenyewe wala haikaangwi kwenye bamba. Mpishi huiweka kwenye mnyororo unaotembea, inapita juu ya ndimi za moto, na inatokea upande wa pili imeiva. Aliyewahi kufanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha biskuti ataielewa mashine hiyo bila kufundishwa.

Sasa, chakula kinachouzwa zaidi ya miaka sitini hakiwezi kumshangaza mtu. Ndiyo maana kampuni imebuni zile tutakazoziita Whopper za msimu. Zinatangazwa kwa kelele nyingi, zinauzwa wiki chache, kisha zinaondolewa. Mteja anajua kwamba akichelewa ataikosa, basi anakimbia. Maarifa hayo si mageni kwetu. Mwuza vitenge naye anajua namna ya kusema, "Hiki ndicho cha mwisho."

Kati ya zote, za Japani ndizo zilizotushangaza. Mwaka 2012 kampuni ilitoa huko hambaga nyeusi, na mwaka 2014 ikairudia kwa nguvu zaidi. Skonzi ilikuwa nyeusi tititi kwa mkaa wa mianzi, jibini nalo jeusi kwa mkaa huo huo, na mchuzi wake ulitiwa wino wa ngisi. Ndugu zetu wa pwani, ambao kila siku wanakosha wino huo na kuumwaga, wajue kwamba kuna watu waliopanga foleni kuununua. Huko huko Japani, Oktoba 2009, ilitolewa Whopper yenye nyama saba zilizopandana, kusherehekea programu mpya ya kompyuta iliyoitwa Windows 7. Wateja 30 wa kwanza wa kila siku waliuziwa kwa yen 777. Jinsi mtu anavyoweza kufungua kinywa kwa nyama saba, hilo tunawaachia Wajapani.

Marekani nayo haikukaa nyuma. Mwaka 2015, kwa sikukuu yao ya mizimu iitwayo Halloween, Whopper ilipata skonzi nyeusi iliyookwa pamoja na sosi ya nyama. Iliuzwa kwa dola 4 na senti 99. Siku chache baadaye nchi nzima ilikuwa inacheka, kwa sababu walioila walikwenda chooni wakakuta rangi ya kijani. Mwaka 2016 ikaja yenye skonzi nyekundu iliyookwa na pilipili ndani. Mwaka 2022 ikaja ya rangi ya chungwa yenye jibini la pilipili kali sana. Kadhaa kati ya hizi zilikuwa na nyama ya nguruwe, kwa hiyo ndugu zetu Waislamu hawajakosa kitu hapo.

Sisi tulipata nafasi ya kuonja moja. Ilikuwa Mei mwaka 2023, huko huko Florida, tulikokuwa kwa shughuli nyingine. Wakati huo kulikuwa na filamu mpya ya Spider-Man karibu kutoka, na kampuni ikaitolea Whopper yenye skonzi nyekundu kama damu, iliyonyunyiziwa ufuta mweusi, na ndani ikaongezwa jibini la Uswisi. Tulinunua mbili, nyekundu moja na ya kawaida moja, tukazikata vipande vinne vinne, na kila mmoja wetu akala akiwa amefumba macho huku mwenzake akimlisha. Watu wa meza ya jirani walituangalia sana.

Tuseme haki: zote mbili zilikuwa tamu. Moshi wa nyama iliyopita motoni unasikika kwanza, halafu unakuja uchachu wa achari, halafu mayonezi inavifunika vyote. Aliyekula kipande chenye jibini alilitambua mara moja, maana jibini la Uswisi lina ladha kama ya karanga. Lakini rangi ya skonzi hakuna aliyeijua kwa ulimi. Tulikosea mara kadhaa kabla ya jibini kufika mdomoni. Macho yakifumbuliwa, ile nyekundu inaonekana ni chakula kingine kabisa. Yakifumbwa, ni Whopper.

Kampuni yenyewe ilikwisha kulifanyia mzaha jambo hili. Tarehe 1 Aprili 1998, siku ya wajinga, ilitangaza katika gazeti la USA Today kwamba imetengeneza Whopper ya watu wanaotumia mkono wa kushoto, ambayo viungo vyote vimezungushwa nusu duara. Hambaga ni ya mviringo, ukiizungusha hakuna kinachobadilika. Hata hivyo maelfu ya watu walikwenda mikahawani kuiulizia, na wengine wakasisitiza kwamba wao wanataka ile ya mkono wa kulia.

Mfanyakazi wa kiwandani ataona upesi kwa nini mageuzi yanakaa kwenye skonzi na mchuzi. Mnyororo wa moto haubadilishwi kwa ajili ya wiki sita. Nyama ni ile ile, saladi ni ile ile. Kiwanda cha mikate kinatia rangi nyingine kwenye unga, kiwanda cha michuzi kinaleta mfuko mpya, na karatasi ya kufungia inachapwa upya. Anayebeba tofauti yote ni mtu aliyesimama mezani akipanga viungo. Mpangilio aliouzoea mpaka mikono inajiendea yenyewe, sasa una mlolongo mwingine pembeni yake, na wateja wa tangazo wako mlangoni. Akianza kuuzoea, msimu umekwisha na mwingine unaingia.

Mwaka 2024 kampuni ilikwenda mbali zaidi. Iliwaalika wateja wabuni wenyewe Whopper mpya, na ikaahidi zawadi ya dola milioni moja kwa mshindi. Mwezi Novemba hambaga tatu zilizofika mwisho ziliuzwa kwa muda, mojawapo ikiwa ya mahindi kwa mtindo wa Mexico. Kwa hiyo mtu aliweza kupata milioni kwa kufikiria kitu cha kuweka juu ya nyanya.

Na hiyo nyanya yenyewe je?

Pale Florida tulipokula hambaga nyekundu, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Miami, uko mji mdogo wa mashamba uitwao Immokalee. Jimbo hilo ndilo linalotoa sehemu kubwa ya nyanya mbichi zinazolimwa Marekani majira ya baridi. Wachumaji wengi wametoka Mexico, Guatemala na Haiti. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa hii: kabla ya mapambazuko vibarua wanakusanyika katika uwanja wa kuegesha magari, mabasi ya mashamba yanakuja, wasimamizi wanachagua watu. Shambani kibarua anajaza ndoo ya ratili 32, yaani kilo 14 na nusu, anaitia begani, anakimbia nayo mpaka kwenye lori, anamrushia mtu aliye juu, anapewa kidani cha hesabu, anarudi mbio. Kwa ndoo hiyo alilipwa kati ya senti 40 na 50. Pigeni hesabu wenyewe kwa senti 45: ndoo mia moja ni dola 45, na ndoo mia moja ni karibu tani moja na nusu ya nyanya iliyopita juu ya bega la mtu mmoja kwa siku.

Jambo jingine ambalo wachuma chai watalielewa kuliko sisi: ndoo ilitakiwa ijae mpaka kilima kipande juu ya ukingo. Zile nyanya za kilima hazikulipwa.

Vibarua wa mashambani wa Marekani hawamo katika sheria ya mwaka 1935 inayolinda haki ya wafanyakazi kujiunga na vyama na kujadiliana na mwajiri. Waliachwa nje tangu siku ya kwanza. Basi wa Immokalee, walioanza kukutana mwaka 1993, wakaunda muungano wao, Coalition of Immokalee Workers, na baada ya migomo kadhaa dhidi ya wenye mashamba wakaona kwamba bei ya nyanya haipangwi shambani. Inapangwa na wanunuzi wakubwa, na hao ndio wenye mikahawa. Wakaacha kumpigia kelele mwenye shamba peke yake, wakamwendea mwenye hambaga. Walichodai ni senti moja zaidi kwa kila ratili, iende moja kwa moja kwa mchumaji.

Senti moja kwa ratili ni senti 32 kwa ndoo. Kwa nyanya zinazonunuliwa na kampuni iliyokubali, ndoo ya senti 45 inakuwa ya senti 77. Kwa mla hambaga, vile vipande vyake viwili vitatu vya nyanya havipandi hata senti moja nzima.

Taco Bell ilikubali mwaka 2005, baada ya kususiwa karibu miaka minne. McDonald's ikakubali mwaka 2007. Burger King ikakataa, ingawa makao yake makuu yako Miami, jimbo lile lile. Chama cha wakulima wakubwa wa nyanya nacho kikatishia kumtoza faini ya dola 100,000 mwanachama yeyote atakayepitisha senti hiyo kwa vibarua. Waliokadiria gharama wakati ule walisema ingekuwa kama robo milioni ya dola kwa mwaka, kwa kampuni ambayo mapato yake yalizidi dola bilioni mbili.

Novemba 2007 vibarua na waliowaunga mkono waliandamana maili tisa ndani ya jiji la Miami mpaka kwenye makao hayo. Aprili 2008 shauri likafika katika Baraza la Seneti huko Washington. Wakati huo huo ikafichuka kwamba mkubwa mmoja wa kampuni alikuwa akiandika maneno ya kuuchafua muungano huku akijificha nyuma ya jina la binti yake, na kwamba kampuni ilikuwa imekodi shirika la ulinzi ambalo mwenyewe alijifanya mwanafunzi ili aingie miongoni mwa waungaji mkono. Tarehe 23 Mei 2008 Burger King ikatia sahihi, na mkurugenzi wake akaomba radhi kwa maneno yaliyosemwa. Ilikubali senti moja ya mchumaji, na juu yake nusu senti ya kufidia kodi na gharama za wenye mashamba.

Hata hapo fedha hazikumfikia mchumaji. Kwa kuwa chama cha wakulima kiliendelea kukataa, senti zile zilikaa benki misimu miwili zikingoja. Novemba 2010 ndipo chama hicho kilipokubali.

Tulipokuwa tunakula tulilitafuta hilo pia kwa ulimi, kwa mzaha tu. Nyanya ilikuwa baridi, ya kukatika vizuri, na maji mengi. Senti haina ladha. Skonzi nyekundu iliondolewa mikahawani baada ya wiki chache. Ile senti ya nyanya iliendelea kuandikwa katika karatasi ya mshahara kwenye mashamba yaliyomo katika mpango huo, kwa mstari wake peke yake, ili kibarua aione. Na kanuni za mpango zinasema ndoo ikifika ukingoni imejaa.