Fahamu: Homa isiyoisha na vipimo vya lupus
Mkazi wa Sonatubes, Kigali, mwenye homa, uchovu na maumivu ya viungo ni haki apimwe malaria kwanza. Malaria isipoonekana na homa ikazidi kurudi, daktari aulizwe kuhusu lupus: kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, hasa kwa wanawake. Kipimo cha damu cha kingamwili za ANA kikiwa hasi, lupus haielekei kuwapo. Kikiwa chanya, peke yake hakithibitishi, maana hata watu wenye afya huwa nazo. Kingamwili za anti-dsDNA ni ushahidi mzito zaidi. Na mkojo upimwe, tafadhali! Protini humo hufichua figo zinazoumia kimyakimya. Mwenye bima ya afya ya jamii (mutuelle) huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo apewe rufaa. Abebe majibu yake yote ya zamani.