Mshahara Ukikata kwa Kuumwa: Namna ya Kuchagua Bima ya Kipato

Pita kwenye vimbweta muhula huu wa mwisho usikilize stori za mwaka wa tatu. Ni zilezile: nani kaitwa intavyuu, ofisi gani inalipa vizuri, mshahara wa kwanza utanunua nini. Hakuna ubaya, tumesota. Ila swali moja huwa haliulizwi. Kazi umeipata, umefanya mwaka mmoja, halafu ukaugua au ukapata ajali ukakaa kitandani miezi kumi na nne. Nani atalipa kodi ya chumba? Nani atamlipia mdogo wako ada?

Wengi wetu ndio wa kwanza katika ukoo kupokea mshahara. Mshahara huo una wenyewe kabla haujaingia: mama, wadogo, mkopo wa Bodi, mchango wa msiba. Ukikata, hauumii wewe peke yako.

Mtu atasema, "Mbona nina bima ya afya?" Sawa, lakini bima ya afya inailipa hospitali. Haikulipi wewe. Inayokulipa wewe ni bima ya kipato: unatoa ada kila mwezi au kila mwaka, na ukishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au ajali, kampuni inakupa sehemu ya ulichokuwa ukipata.

Kabla ya kununua, jua tayari una nini

Mwajiriwa Tanzania haanzi na sifuri. Kuna ngao tatu, na kila moja ina mwisho wake.

Ya kwanza ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata analipwa nusu. Piga hesabu: ni miezi minne na siku chache. Zikiisha, sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kuendelea kukulipa.

Ya pili ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Huu anauchangia mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Kwa ulemavu wa muda unalipa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, na kwa ulemavu wa kudumu una mafao yake. Ni mfuko mzuri, lakini una sharti kubwa: ugonjwa au ajali iwe imetokana na kazi. Ukianguka kwenye ngazi za kiwandani, unakuhusu. Ukigongwa na bodaboda Jumamosi ukitoka harusini Sinza, au figo zikafeli, haukuhusu.

Ya tatu ni mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma. Yote ina pensheni ya ulemavu, lakini inadai uwe umechangia kwa muda fulani na bodi ya madaktari ithibitishe kwamba uwezo wako wa kufanya kazi umepotea kweli. Kijana mwenye michango ya mwaka mmoja asiitegemee sana. Na aliyevunjika mguu atakayepona baada ya miezi minane hana ulemavu wa kudumu, ila miezi minane hiyo anakula nini?

Pengo letu liko hapo: maradhi au ajali nje ya kazi, inayodumu zaidi ya miezi minne. Anayejiajiri ana pengo pana zaidi. Fundi, mpiga picha au mwenye duka la stesheneri hana likizo ya ugonjwa. Siku asipofungua, hajaingiza.

Inauzwa kwa sura gani?

Ukienda kwa wakala ukasema "nataka bima ya kipato", anaweza kukushangaa. Kwetu bima hii mara nyingi haiuzwi peke yake. Inakaa ndani ya bima ya maisha kama nyongeza, ndani ya bima ya kundi ambayo mwajiri huwakatia wafanyakazi wote, au ndani ya bima ya ajali binafsi. Chunga hiyo ya mwisho. Ada yake ni ndogo, ndiyo maana inauzika, lakini kama jina lake linavyosema, inahusu ajali. Kiharusi, kifua kikuu, uti wa mgongo uliochakaa, sonona: hayo si ajali. Mtu anaishi miaka kumi akiamini amejikinga, kumbe amekinga upande mmoja.

Swali la kwanza kwa wakala basi liwe hili: inalipa nikiumwa, au nikipata ajali tu?

Mambo ya kusoma kwenye mkataba

Maana ya ulemavu. Hiki ndicho kifungu kinachoamua kama utalipwa. Ipo mikataba inayosema unalipwa ukishindwa kufanya kazi yako, na ipo inayosema unalipwa ukishindwa kufanya kazi yoyote. Mchukue daktari wa meno aliyepoteza nguvu ya vidole viwili vya mkono wa kulia. Kuchonga meno hawezi tena, kufundisha darasani anaweza. Kwa mkataba wa "kazi yako" analipwa. Kwa mkataba wa "kazi yoyote" ataambiwa aende akafundishe. Mwalimu aliyepoteza sauti na rubani aliyepungua uwezo wa kuona wako kwenye kundi hilohilo. Mikataba mingine huanza na "kazi yako" kwa miaka miwili hivi, kisha hugeuka kuwa "kazi yoyote". Kadiri kazi yako inavyotegemea kiungo au ujuzi mmoja, ndivyo kifungu hiki kinavyostahili kulipiwa zaidi.

Muda wa kusubiri. Malipo hayaanzi siku ulipolazwa. Kuna mikataba ya siku 30, 90, hata 180. Muda ukiwa mrefu, ada inashuka. Zile siku 126 ndizo za kutumia hapa: kama umeajiriwa na mwajiri anafuata sheria, hakuna sababu ya kulipia ghali mkataba unaoanza siku ya 30. Chagua unaoanza mwezi wa nne au karibu na hapo, kisha weka akiba ya kuziba miezi ya nusu mshahara. Aliyejiajiri yeye atafute muda mfupi, au awe na akiba ya kutosha kuungoja ule mrefu.

Muda wa kulipwa. Uliza malipo yanaendelea hadi lini: mwaka mmoja, miaka miwili, au hadi umri wa kustaafu? Kwa kijana wa miaka 25, balaa kubwa si kukosa mshahara miezi mitatu. Ni kukosa mshahara miaka thelathini. Kama pesa haitoshi kupata vyote, ni afadhali usubiri zaidi mwanzoni lakini ulipwe kwa miaka mingi.

Kiasi. Kwa kawaida kampuni haitakulipa mshahara wote, maana mtu akipata kilekile akiwa amelala, hamu ya kurudi kazini inapungua. Usianze na asilimia, anza na matumizi. Tuseme mshahara ni 1,200,000. NSSF asilimia 10 ni 120,000, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ni 180,000, kodi ya mapato nayo inachukua chake, mkononi inabaki kama laki saba na nusu. Katika hiyo toa yale yasiyosubiri: kodi ya chumba, chakula, dawa, cha nyumbani. Ikifika 500,000, hicho ndicho kiasi cha kukatia bima. Zaidi ya hapo unalipia ada ya anasa.

Kupanda kwa bei. Laki tano ya leo siyo laki tano ya kesho. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 14 pesa hiyo itanunua nusu tu ya inachonunua sasa. Uliza kama malipo yanaongezeka mwaka hadi mwaka au yanabaki palepale.

Yasiyolipwa. Ukurasa huu upo kwenye kila mkataba, na wakala hana haraka ya kuufikia. Kwa kawaida utakuta magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, kujiumiza makusudi, ajali ukiwa umelewa, na michezo ya hatari. Angalia pikipiki kwa jicho la pekee. Ipo mikataba ya ajali isiyolipa aliyeumia akiwa juu ya pikipiki, au inayotaka ada ya ziada. Kwa sisi tunaopanda bodaboda mara mbili kwa siku, kifungu hicho kinaweza kuufanya mkataba mzima usiwe na maana.

Fomu ya afya. Ukiulizwa kama una pumu, kisukari, au uliwahi kufanyiwa upasuaji, sema kweli. Wakala anayekwambia "hiyo acha tu, haina shida" anawaza kamisheni yake. Siku ya madai kampuni itaomba mafaili ya hospitali, na uongo mdogo wa siku ile unaipa sababu ya kukataa kulipa. Ukisema ukweli unaweza kuongezewa ada au ugonjwa huo kutengwa, lakini mengine yote yanabaki salama.

Hatua za kuchukua

Wiki ya kwanza kazini nenda kwa afisa rasilimali watu na maswali matatu: Je, tuna bima ya kundi? Inalipa ugonjwa au ajali pekee? Nikiacha kazi naondoka nayo au inabaki hapa? Jibu la hilo la tatu mara nyingi ni kwamba inabaki, kwa hiyo anayepanga kuhamahama ofisi asiiegemee peke yake.

Ukiamua kununua yako, hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Omba mkataba wenyewe, siyo kipeperushi, kaa nao nyumbani siku mbili tatu. Ukitokea mgogoro wa madai, anza na kampuni kwa maandishi. Ikishindikana, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na kama leo bado unaishi kwa bumu, usikate bima ya kipato ambacho huna. Anza na akiba, hata ikiwa ndogo. Ila siku utakaposaini mkataba wa ajira, usifike mwisho wa mwaka wa kwanza hujui mshahara wako ukikata leo, utakula nini mwezi wa tano.