Jino linauma: mbona daktari hakuniandikia antibiotiki?
Msikilizaji wetu hapa Nyarushishi, Rusizi: Jino limekukesha, umefika kwa daktari wa meno, naye hakukuandikia amoksilini. Usidhani amekudharau. Maumivu yakiwa ndani ya jino tu, antibiotiki haiyatulizi. Jino huzibwa au hung'olewa, na parasetamoli hupunguza maumivu.

Ukiwa na homa na uso umevimba, ndipo huandika, kwa siku chache, na jino lenyewe bado litatibiwa. Mwambie mapema kama penisilini iliwahi kukutoa vipele, au kama una mimba.

Usinunue vidonge viwili vitatu barabarani: vijidudu huwa sugu, na siku mtoto wako akiugua kweli, dawa itashindwa.

Uvimbe ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza au kupumua, usingoje kesho. Kimbilia kituo cha afya upelekwe hospitali.