Laptopu ya Zamani: Jaribu Mfumo wa Pili Kabla ya Kutoa Pesa

Ndugu zetu mlio majumbani na saiti, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta haizimiki, itawaka kama jana, ila marekebisho ya usalama hayaji tena kama zamani. Mpango wa kuongezewa muda upo, lakini nao una mwisho wake. Laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, na hapo ndipo muuza duka anakwambia: nunua mpya.

Sisi watu wa hesabu tunasema, ngoja kwanza. Pesa hiyo ni ada ya mtoto au mabati ya nyumba. Kabla hujaitoa, jaribu mfumo endeshi mwingine ambao ni wa bure. Kwa anayeanza tunapendekeza Linux Mint: sura yake haiko mbali na Windows, na RAM ya GB 4 inaitosha.

Uzuri ni kwamba mfumo huu unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ni kama mgeni aliyelala sebuleni na mkeka wake: asubuhi anaukunja, anaondoka, nyumba iko vilevile. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows yako inarudi kama ilivyokuwa.

Kabla ya kuanza

1. Kompyuta iwe yako mwenyewe. Ya bosi usiiguse, hata kama unaruhusiwa kuitumia. Likitokea lolote utaulizwa wewe, na kibarua kitaota nyasi.
2. Weka nakala ya picha, mkataba, pasipoti uliyoskani na risiti za kutuma pesa kwenye diski nyingine.
3. Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote.
4. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta namba yake ya kufungulia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uiandike kwenye daftari. Ukibadilisha mipangilio ya kuwasha, Windows inaweza kuidai.

Namna ya kujaribu

Shusha faili la Linux Mint kutoka linuxmint.com tu, si kwa linki ya WhatsApp. Ni karibu GB 3, kwa hiyo tumia Wi-Fi, usimalize bando. Hata tovuti hiyo yenyewe ilidukuliwa Februari 2016, na baadhi ya watu wakashusha faili lenye mlango wa wezi. Ndiyo maana wanatoa namba ya uhakiki. Fuata maelezo yao uilinganishe na ya faili lako.

Kisha tumia programu ya Rufus kuliandika faili hilo kwenye flashi. Hakikisha umechagua flashi, si diski ya nje yenye nakala zako! Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwa HP nyingi ni Esc, halafu F9.

Ikiwaka, pima mambo unayoyatumia kweli: Wi-Fi, sauti, kamera ya kuongea na nyumbani, printa. Fungua daftari lako la matumizi la Excel kwa LibreOffice, iliyomo humo tayari. Kumbuka, utakachohifadhi humo kitapotea ukizima. Na itakuwa nzito kidogo, kwa sababu flashi haina kasi ya diski.

Pa kuwa makini

Kwenye skrini utaona alama ya kusakinisha, yaani "Install". Siku ya kujaribu usiiguse. Ukifika mbele na kukubali kufuta diski, Windows na mafaili yako vimekwenda. Pia usifungue akaunti ya benki kwa flashi uliyopewa na mtu, tengeneza yako.

Rudia jaribio siku kadhaa. Kama kila unachohitaji kinafanya kazi, ndipo ufikirie kusakinisha, nakala zikiwa pembeni. Kama programu yako muhimu inataka Windows pekee, umejua mapema, na gharama yake ni flashi moja tu. Hapo ukinunua laptopu mpya, utanunua kwa hesabu, si kwa hofu.