Mkazo, Jotoridi na Mwelekeo wa Hidridi katika Mirija ya Aloi ya Zirkoni

Sudan Kusini, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haina kinu cha nyuklia. Hata hivyo, jirani zake Kenya na Uganda zimetangaza mipango ya kujenga vinu vya kuzalisha umeme. Kwa hiyo, uhifadhi wa fueli iliyokwisha kutumika unawahusu pia washauri wa sera walioko Juba.

Fueli ya urani hufungwa ndani ya mirija ya aloi ya zirkoni. Kinuni, maji yenye joto kali huila mirija hiyo polepole, na sehemu ya haidrojeni inayozalika hupenya katika metali. Haidrojeni isiyoweza kuyeyuka humo hujitenga kama hidridi, yaani mabamba madogo yaliyo mepesi kuvunjika. Kwa kawaida mabamba hayo hulala kuufuata mzingo wa mrija, na madhara yake huwa madogo.

Hali hubadilika fueli inapokaushwa ili ihifadhiwe. Jotoridi hupanda, hidridi nyingi huyeyuka, na shinikizo la gesi iliyomo huukaza ukuta wa mrija. Mrija ukipoa chini ya mkazo mkubwa, hidridi hujiunda upya zikielekea kutoka ndani kwenda nje, na ufa hupata njia fupi ya kuupasua ukuta. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani umeweka kikomo cha nyuzijoto 400 za Selisiasi.

Kikomo cha joto pekee hakitoshi. Kanuni za kanda hazina budi kuzingatia pia mkazo wakati wa kupoa, kwa kuwa udhaifu hudhihirika baadaye, mirija iliyopoa inaposafirishwa.