Mgonjwa Abonyezapo Namba: Safari ya Jibu Katika Simu ya Intaneti

Huduma nyingi za afya zitolewazo kwa simu huanza na sauti iliyorekodiwa: kwa ushauri wa uzazi, bonyeza moja, kwa ushauri wa kisukari, bonyeza mbili. Mpigaji hubonyeza, kisha husubiri. Kwake yeye kazi imekwisha. Kwa mashine ndiyo kwanza inaanza. Tarakimu hiyo ikisomwa visivyo, mwenye kisukari aweza kupelekwa kwa mkunga, na kipimo cha shinikizo la damu cha 140 kikaandikwa 1440. Hivyo basi, namna tarakimu zinavyopokewa ni suala la usalama wa mgonjwa, wala si la mafundi peke yao.

Milio miwili kwa kila kitufe

Simu za vitufe zilianza kutolewa kwa wateja wa kampuni ya Bell nchini Marekani tarehe 18 Novemba 1963, katika miji ya Carnegie na Greensburg, jimboni Pennsylvania. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, mmoja wa mstari wa kulala na mwingine wa mstari wa kusimama. Kitufe cha 1 huunganisha masafa ya hezi 697 na 1209; cha 5, hezi 770 na 1336. Milio iliwekwa miwili kwa sababu ni vigumu kwa sauti ya binadamu kuiga jozi hiyo kwa bahati.

Katika simu ya intaneti, sauti hukatwa vipande vidogo, aghalabu vya milisekunde 20, na kila kipande husafirishwa katika pakiti yake. Hapo ndipo matatizo huzuka. Njia ya usimbaji iitwayo G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde na huhifadhi milio vizuri. G.729 hutumia kilobiti 8 tu. Imeundwa kwa kufuata maumbile ya usemi wa mtu, hivyo mlio wa kitufe huweza kufika umepotoka. Tena pakiti ikipotea katikati ya mlio, mlio mmoja huweza kusikika kama miwili, na 4 ikawa 44.

Dawa ya tatizo hilo iliwekwa katika kanuni ya RFC 2833 ya mwaka 2000, iliyorithiwa na RFC 4733 mwaka 2006. Badala ya kusafirisha mlio, kifaa hutuma taarifa kwamba kitufe fulani kimebonyezwa. Taarifa ya mwisho hurudiwa mara tatu ili isipotee, na zote hubeba alama ileile ya wakati, ili mpokeaji atambue kuwa kitufe kimebonyezwa mara moja tu. Hata hivyo, vifaa vya pande mbili visipopatana, na mlio ukapita pamoja na taarifa, tarakimu huhesabiwa mara mbili.

Sekunde tano za mzee

Programu huria ya Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, ni miongoni mwa zinazotumiwa kuendesha huduma za namna hii. Amri yake ya Read hucheza ujumbe, hukusanya tarakimu na kuzihifadhi. Fundi huamua idadi ya tarakimu, muda wa kusubiri na mara ngapi mpigaji ataulizwa upya. Katika menyu za kawaida, isipoelekezwa vingine, programu husubiri sekunde 10 kupata tarakimu ya kwanza na sekunde 5 kati ya tarakimu na tarakimu.

Kwa kijana, muda huo unatosha. Kwa mzee mwenye mikono inayotetemeka, anayeondoa simu sikioni, anayetafuta miwani kisha kitufe, sekunde 5 ni chache. Muda ukiisha, mfumo huchukua kipimo nusu au hukata simu. Yafaa muda uongezwe, na mpigaji aruhusiwe kumaliza kwa kubonyeza alama ya reli.

Wahudumu wa afya wanaoshiriki kupanga huduma hizo wana mengi ya kudai. Dalili za hatari zitajwe mwanzo. Huduma itajwe kabla ya tarakimu yake, maana msikilizaji hukumbuka zaidi neno la mwisho. Kila kipimo kisomwe tena kwa mgonjwa ili akithibitishe. Aidha, kipimo cha juu kisikataliwe kana kwamba ni kosa: 1440 haiwezekani na yapasa kuulizwa upya, lakini 210 yawezekana, na mwenye kipimo hicho aunganishwe na muuguzi mara moja. Mfumo unaozitupa namba zote zisizo za kawaida utawatupa wagonjwa mahututi kwanza.

Siri nayo haina budi kulindwa. Tarakimu inayoeleza hali ya maambukizi ni taarifa ya kitabibu sawa na iliyo ndani ya faili. Programu inaweza kuandika kila tarakimu katika kumbukumbu za seva, na pakiti zisizofumbwa zaweza kusomwa njiani. Kumbukumbu hizo zifungwe, na mawasiliano yafumbwe.

Kwa mgonjwa, mambo ni machache. Abonyeze kila kitufe mara moja, kwa utulivu. Asikilize namba inaposomwa tena, na ikiwa si sahihi, asiithibitishe. Asitoe namba ya siri ya pesa, kwa kuwa ushauri wa afya hauihitaji. Na akiwa na maumivu makali ya kifua, akivuja damu nyingi au akishindwa kupumua, asiendelee kusikiliza menyu. Aende au apelekwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa.