Katika Chumba cha Bibi Salme

Tulitoka Bugwema watu tisa: wazee wawili wa kamati ya msikiti wetu, akina mama watatu, mabinti watatu wa madrasa, na katibu wao, ambaye ndiye aandikaye haya. Tuliozoea mitumbwi ya Ziwa tulidhani bahari haitatutisha. Wawili wetu walitapika kabla ya kuufikia mnara wa Chumbe.

Siku ya pili tulilizuru kasri la masultani lililoko Mizingani, Unguja, ambalo kale liliitwa Beit al-Sahel. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga majumba ya Sultani kwa muda usiozidi robo tatu za saa, kwa kuwa Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ya ridhaa yao. Jengo la leo liliinuka baada ya maangamizi hayo. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alikimbia katika Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka 1994 nyumba ikafanywa makumbusho. Akina mama walistaajabia vitanda vya nakshi. Walipofika kwenye makabati ya fomika ya zama za karibuni, mmoja alisema kabati kama hilo analo shemeji yake pale Musoma.

Lakini chumba kilichotusimamisha ni cha Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika zama zake mabinti wa kasri walifundishwa kuisoma Qur'ani, wala hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa huko Ujerumani, na mengi tuyajuayo leo juu ya maisha ya ndani ya majumba yale yametoka katika kalamu hiyo.

Mjukuu wa mzee wetu mmoja aliuliza, "Babu, nani aliyewakataza kuandika?"

Mzee hakujibu. Nasi tulijua sababu. Katika madrasa yetu wavulana huandika madaftarini, na mabinti huhifadhi kwa masikio tu. Na mzee huyo ndiye aliyesema kikaoni kwamba fedha ni chache, waanze wavulana.

Tulipotoka uani alitwambia kwa sauti ya chini, "Katibu, mwanamke yule aliiacha dini. Huo ndio mfano wa kuwaonyesha watoto?"

Neno lake lina uzito, na hatukulipuuza. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani. Msiba huo hatuupambi. Ila tulimkumbusha mzee wetu kwamba herufi alizipata katika Msahafu, na kwamba Bibi Shifaa bint Abdullah (R.A.) alimfundisha kuandika Mama wa Waumini Hafsa (R.A.), naye Mtume (S.A.W.) akalijua jambo hilo na kuliridhia.

Alinyamaza hadi Darajani. Huko alinunua daftari moja na kalamu mbili, akamkabidhi mjukuu wake bila ya neno.

Kikao cha kamati ni Ijumaa ijayo baada ya Alasiri. Ajenda ya tatu ni madaftari ya mabinti ishirini na sita waliobaki.